Madam na Msomaji Asiyealikwa

Kabla hajatusalimia, Madam alikuwa anafunga madirisha. Aliyafunga yote, hata mwezi wa Februari, wakati joto la Isiolo linamfanya mtu atamani kuvua ngozi aitundike msumarini. Halafu alirudi mlangoni, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena huku akiusukuma kwa bega. Ndipo alipogeuka na kusema, "Haya, habari zenu," kana kwamba tulikuwa tumejificha pamoja naye kutokana na kitu kilichokuwa kikizunguka nje. Boru, mwanafunzi mwenzetu asiyeweza kukaa bila mzaha, alisema Madam anafungia hewa ndani isije ikatoka ikasimulia watu kazi zetu kabla hazijakamilika.

Alitufundisha uandishi wa habari katika chuo kimoja cha hapa mjini. Alikozaliwa, ukoo wake, na kama aliwahi kuolewa, sikumwuliza na sitayabuni hapa. Sisi tulimwita Madam. Yeye alituita kwa kazi zetu: mimi nilikuwa Mhariri, Boru alikuwa Mpangaji kwa sababu ndiye aliyepanga kurasa, na mwenye kamera aliitwa Picha. Hata akinikuta sokoni kwenye wauza maziwa ya ngamia, aliita kwa sauti, "Wewe Mhariri!" na watu wakageuka kumtafuta mtu mzima mwenye tai, wakaniona mimi na ndala zangu.

Kazi yetu ya mwisho chuoni ilikuwa kutengeneza jarida zima, kuanzia wazo hadi karatasi, na mtahini kutoka nje angekuja kulipitia. Tulichagua muziki wa kielektroniki, ule unaotengenezwa na mtu mmoja aliyeinamia kompyuta, bila gitaa wala ngoma ya ngozi. Jarida tukaliita Mtetemo. Siku ya kuwasilisha wazo, Boru alisimama mbele, akanyoosha shati, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

"Hadhira lengwa ya jarida letu ni vijana wa kike na wa kiume, wa kati ya miaka kumi na tano na thelathini, wanaopenda muziki wa kisasa."

Madam alifumba macho kama mtu aliyeshikwa na jino.

"Kijana si mtu," alisema. "Kijana ni umri. Nionyeshe mtu."

"Madam, si wako wengi huko nje? Mayut wote wa mtaa."

"Wote hawasomi. Anasoma mmoja. Anaitwa nani? Ameshika nini mkononi? Akimaliza kusoma, hiyo karatasi ataiweka wapi?"

"Ataiweka kwa mfuko?"

"Sasa unaniuliza mimi?"

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Alitutuma mjini, kila mmoja na ukurasa mmoja. Tulitakiwa kumpata mtu tusiyemjua, tumpe ukurasa asome, tunyamaze, na tuangalie macho yake yanasimama wapi. "Mdomo utakuambia ameipenda," alisema, "kwa sababu watu wa hapa wana heshima zao. Wewe usisikilize mdomo, fuata macho." Boru alirudi akiwa amenuna. Mwendesha bodaboda aliyempa ukurasa aliugeuza upande wa nyuma, kulikokuwa na tangazo la mpira lililochapwa zamani, akalisoma hilo lote, akamrudishia na kumwambia ni kazi nzuri. Madam alicheka hadi akashika meza. "Huyo ni msomaji, Mpangaji! Huyo amekwambia ukweli."

Lakini kicheko chake hakikukaa. Siku iliyofuata alichora mstari wa kusimama katikati ya ubao. Upande mmoja aliandika Tuliowaita. Upande wa pili aliandika Watakaokuja. Upande wa kwanza ulikuwa na jina moja au mawili, watu tuliowapata mjini. Upande wa pili alikuwa akiujaza yeye mwenyewe, haraka haraka, chaki ikivunjika mkononi: mama mzazi, pasta, shehe, chifu, mchumba wa zamani, ndugu wa mchumba wa zamani, mtu ambaye hajazaliwa bado. Alisema kuna waandishi wanaolala vizuri kwa sababu wanawafikiria wale waliowaita tu. Yeye hakuwa mmoja wao. "Ukishachapa," alituambia, "huna tena mlango wa kufunga."

Nilianza kumwelewa hapo, na wasiwasi wake ukanishika hata mimi. Nilikuwa nikiandika sentensi, kisha nikainua kichwa kana kwamba mtu amesimama nyuma yangu.

Alikuwa na hofu nyingi na hakuzificha. Aliogopa mbwa, radi na waya za umeme zilizochunika. Simu yake aliizungushia kitambaa cha mkono ili isisikilize. Zaidi ya yote aliogopa kitu kutoka mikononi mwake bila yeye kujua kimekwenda wapi. Kwa hiyo aliweka sheria: picha, sauti na maandishi yote ya Mtetemo yatakaa katika kompyuta moja tu, ile iliyokuwa chumba cha ndani, na ufunguo wa chumba hicho aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Hakuna kuhamishia kwenye simu. Hakuna kubeba kwenye flashi. "Sauti ikishaingia kwenye simu za watu haina mwenyewe," alisema. Picha alilalamika kwamba hata benki haina masharti kama hayo. Madam akamjibu kwamba benki inalinda noti, na noti ikipotea inachapwa nyingine.

Hata hivyo mwanamke huyo huyo aliwahi kupanda lori la mbuzi peke yake hadi kijiji cha mbali cha Biliqo, kumfuata mwanafunzi aliyeacha masomo, akarudi naye wote wakiwa wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Nilimwuliza kama hakuogopa njiani. "Niliogopa sana," alisema. "Lakini lori lilikuwa linaenda."

Muziki wenyewe hakuupenda, au alisema hivyo. Boru akijaribu spika, Madam alitoa pamba mkobani akaziba masikio na kuendelea kusahihisha kwa kalamu yake ya kijani. Siku moja niliingia chumba cha ndani bila kubisha, nikamkuta amevaa spika za masikioni, amefumba macho, na kisigino chake kikigonga sakafu chini ya meza. Aliponiona kisigino kikasimama papo hapo. "Kuna kelele fulani hapo katikati," alisema. "Mwambie Akiru aipunguze."

Akiru si jina lake. Amelichagua yeye mwenyewe kwa ajili ya maandishi haya.

Alikuwa wa darasa letu, msichana wa familia ya Kiturukana iliyokaa mjini tangu babu yake alipoacha mifugo. Baba yake aliongoza kwaya ya kanisa lao. Akiru alikuwa amekaa pembeni wakati wa mazoezi, simu ya kuazima ikiwa chini ya leso, akarekodi makofi ya kina mama, miguu yao ikikanyaga sakafu ya saruji, na sauti ya nyanya yake aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alileta sauti hizo kwenye kompyuta ya chuo, akazifuta kwenye simu na kuirudisha kwa mwenyewe, kama sheria ya Madam ilivyotaka. Kisha akazikatakata na kuzipanga upya. Nyanya alianza peke yake, sauti kavu kama kuni. Miguu ya kina mama ikageuka ngoma. Halafu mashine ikaingia chini yao polepole, mfano wa lori unalolisikia kwenye nyayo kabla hujaliona. Sijawahi kusikia kitu kingine kilichofanana na mji huu hivyo.

Nilitaka habari yake iwe ndiyo kubwa ya jarida. Boru alikuwa amekwisha kupanga ukurasa wa majaribio, jina kamili juu kwa herufi nene, na picha ya Akiru uso mzima, akicheka. Tukamwita aone. Akiru aliuangalia, mkono ukaenda mdomoni.

"Mkiandika jina langu mimi nimekwisha," alisema. "Baba akijua nimechukua sauti za kwaya nikaziweka kwa ngoma ya disko, ananitoa chuo siku hiyo hiyo."

"Kwani babako husoma majarida?" Boru aliuliza.

"Baba yangu husoma hata paketi ya chumvi."

Tulicheka, yeye hakucheka. Nikasema basi tuiache. Lakini Akiru akatikisa kichwa.

"Msiiache. Kuna msichana huko Kulamawe, ama Korbesa, ako na simu imepasuka kioo, na anafanya hii kitu peke yake usiku na mchana. Anafikiri ana wazimu. Huyo ndiye anasoma. Kama hamumwandikii huyo, hili jarida ni la nani?"

Madam, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha alilolifunga, alitembea hadi ubaoni. Upande wa Tuliowaita aliandika: Msichana wa Kulamawe. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikubali msomaji bila kumhoji. Kisha upande wa pili akaandika: Baba. Akapiga mstari chini yake, akaurudia mstari.

Uamuzi ulikuwa wa tahadhari zote. Jina likaondolewa. Uso ukaondolewa, ikabaki picha ya mikono juu ya kibodi. Kanisa halikutajwa. Madam aliusoma ukurasa mpya akiwa ameweka rula chini ya kila mstari, kama anayetafuta chawa, na aliporidhika alishusha pumzi ndefu. Kurasa za zamani zikaenda zilikoenda karatasi zetu zote zilizoharibika, kwenye katoni iliyokuwa chini ya meza yake.

Hapa inanibidi nieleze habari ya katoni hiyo. Madam hakuweza kuona karatasi ikichomwa. Alikuwa mtu wa kutumia bahasha mara mbili na kuandika pembeni mwa kalenda za miaka iliyopita. Kila Ijumaa jioni aliibeba katoni kifuani hadi langoni na kumpa mama wa mandazi, ambaye alimwita Mwalimu wa Karatasi na kumwekea mandazi ya moto pembeni. Chuo kizima kilifanya hivyo. Ungeweza kula andazi lililofungwa kwa ratiba ya muhula uliopita, au kwa mtihani wa hesabu ulioufeli, na mafuta yakawa yamefuta alama zako. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Hata mimi, niliyefundishwa kuuliza karatasi itakwenda wapi baada ya kusomwa, sikuwahi kuuliza kuhusu zile za langoni. Ijumaa hiyo Madam aliibeba katoni kama kawaida.

Baba yake Akiru alikuja Jumanne. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, na ndani ya kitabu chake cha nyimbo alikuwa amekunja karatasi.

"Bwana asifiwe, Mwalimu."

"Asifiwe sana, Mzee. Karibu."

Aliikunjua juu ya meza. Mafuta yalikuwa yameifanya karatasi ionyeshe hadi upande wa pili, na katikati ya mafuta Akiru alikuwa akicheka, jina lake juu yake kwa herufi nene.

"Jana baada ya mazoezi kina mama walileta mandazi," alisema taratibu. "Mimi nikafungua yangu, nikamkuta mtoto wangu."

Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya pili. Nilimwangalia Madam. Angeweza kusema ni wanafunzi, au kwamba karatasi iliibiwa. Nilitamani aseme hivyo.

"Hiyo karatasi nimeitoa mimi," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Sijauliza ni nani ameitoa. Nauliza hivi: hii mmemwandikia nani?"

Lilikuwa swali lake. Alikuwa amelifundisha maisha yake yote, na sikuwahi kumwona akilikosea. Aliweka viganja juu ya meza.

"Kuna msichana huko Kulamawe, Mzee."

"Unamjua?"

"Hapana."

"Anaitwa nani?"

"Jina lake silijui."

"Kwa hiyo mmeandika habari za mtoto wangu asome mtu msiyemjua. Na mimi mnayenijua, mwenye mtoto, mkanificha."

Mzee aliikunja karatasi ile ile ya mafuta, akairudisha katikati ya nyimbo zake, akaenda kumwita Akiru darasani. Walitoka langoni pamoja, Akiru nyuma, mkoba kifuani. Mama wa mandazi aliwasalimia vizuri tu. Hakuwa amejua lolote.

Mtihani ulikuwa umekaribia, na sheria ilikuwa wazi: ambaye hangekuwepo wakati mtahini anakuja, mwaka wake ungepotea. Kwa Akiru mwaka ulimaanisha yote, kwa sababu shangazi yake wa Merti alikuwa amekwisha kuulizia msichana wa kumsaidia nyumbani. Siku hizo Madam alikuwa akiingia darasani na kuacha madirisha wazi. Vumbi liliingia, likakaa juu ya meza, naye hakuliona. Alikuwa akianza sentensi na kusahau kuimaliza. Boru hakufanya mzaha hata mmoja.

Mwishowe aliniambia, "Mhariri, vaa viatu. Twende kwa Mzee."

Nyumba yao ilikuwa mwisho wa mtaa, na uani kulikuwa na mbwa wawili wa rangi ya udongo. Madam alinishika mkono kwa kucha, akapita katikati yao akiangalia mbele, midomo ikienda kwa maombi. Mzee alitukaribisha kwenye viti vya plastiki. Nyanya alikuwa kwenye kigoda, shanga shingoni. Akiru alikuwa mlangoni akisugua sufuria, hakuinua macho.

Madam hakujitetea. Alitoa mkobani habari nzima, ile iliyosahihishwa, akampa Mzee na kusema, "Ulisoma kipande. Naomba usome yote." Kisha akanyamaza na kumwangalia macho. Ndipo nikatambua anachofanya. Nami nikaangalia.

Mzee alisoma polepole. Kwenye habari ya mashine macho yalipita. Kwenye habari ya ngoma yalipita. Karibu na mwisho yakasimama, yakarudi nyuma, yakasimama tena. Nilijua mstari wenyewe kwa sababu niliuandika mimi kutoka mdomoni mwa Akiru: Nyumbani hakuna anayenisikiliza.

"Mimi ninaongoza kwaya," alisema hatimaye, si kwetu. "Sauti moja ikipotea kati ya arobaini, mimi ndiye ninaisikia."

Sufuria mlangoni ikanyamaza. Nilidhani angesema zaidi. Badala yake aliweka karatasi magotini, akawa tena mzee wa kanisa.

"Mtihani atafanya. Sitamharibia mwaka. Lakini hii isichapwe. Na zile sauti zifutwe, nikiona kwa macho yangu. Kina mama hawakuulizwa. Mama yangu hakuulizwa."

Nyanya alisema kitu kwa Kiturukana, kifupi, akanyoosha mkono kuelekea kwa Madam. Mzee alimjibu kwa upole bila kutafsiri. Akiru aliinamisha kichwa zaidi. Madam alimtazama nyanya, kisha mimi, kisha Mzee, na hofu ya kuona mlango ukifungwa ikamshinda.

"Nimekubali," alisema haraka.

Zilifutwa kesho yake asubuhi. Madam alivua ufunguo shingoni. Mzee alisimama nyuma ya kiti, kofia mkononi. Akiru aliketi, akaifungua faili, na kompyuta ikauliza kama ana hakika. Mkono wake ulikuwa juu ya kipanya na hausogei. Tulisubiri. Feni ilikuwa ikizunguka. Hakuna aliyemharakisha, na nadhani kama tungesubiri kidogo zaidi Mzee angesema neno. Nilimwona akiinua kofia kidogo. Lakini Madam hakuweza kuvumilia kusubiri. Aliinama juu ya bega la Akiru, akaweka kidole chake, akabonyeza.

Watu niliowasimulia huniuliza kama hakukuwa na nakala nyingine mahali. Hakukuwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake.

Akiru alifanya mtihani akapita. Mtetemo lilitoka, na mahali pa habari yake tuliweka makala ya Boru kuhusu kuunganisha spika na betri ya pikipiki. Mtahini alitusifu kwa kubainisha vizuri hadhira lengwa. Madam alimshukuru, akatoka nje, akakaa huko hadi gari la mtahini lilipoondoka. Tangu hapo alizichoma karatasi zake mwenyewe nyuma ya stoo, akigeuza majivu kwa kijiti. Mama wa mandazi aliniuliza kama amemkosea mwalimu wake.

Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Madam alikuja mazishini. Nilimwona amesimama nje ya ua, karibu na magari, leso imefunika mdomo. Kwaya iliimba bila mwanzishaji wake, na kabla chakula hakijaletwa alikuwa amekwisha kuondoka.

Sasa ninafanya kazi redioni hapa hapa mjini. Mwaka huu nilimkuta Madam kwenye benchi la duka la miwani, akisubiri fremu yake itengenezwe. Amestaafu, amepungua, na bila miwani alinitambua kwa sauti.

"Mhariri! Umenenepa."

"Ni sauti yangu imenenepa, Madam."

Aliuliza habari za kila mtu. Nilimwambia Boru anauza vifuniko vya simu na Picha amekuwa mpiga picha wa harusi. Aliuliza kuhusu watu ambao hata mimi nilikuwa nimewasahau. Alizunguka jina moja kama mtu anayezunguka shimo gizani, na mwishowe akasema, "Na wengine?"

"Akiru yupo, Madam. Ana studio ndogo nyuma ya soko. Anarekodi kwaya, matangazo, watoto wa shule."

"Na baba yake?"

"Ndiye aliyempigia misumari ya mlango. Hawaongei mengi, lakini anamletea kwaya."

Alichukua miwani iliyotengenezwa, hakuivaa.

"Mimi ananisema vipi?"

Ningeweza kumpamba. "Hakutaji, Madam."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Kisha akasimama. "Ni mbali?"

"Hapana."

"Basi twende kabla sijaogopa."

Studio ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai hadi darini, blanketi nzito mahali pa pazia. Akiru alitoa kiti. "Karibu, Madam," alisema, bila tabasamu na bila ubaya. Alitupa chai. Tuliongea habari za joto. Madam alishika kikombe kwa mikono yote miwili, na ghafla, katikati ya mazungumzo hayo, akauliza:

"Siku ile nyumbani kwenu, nyanya yako aliniambia nini?"

Akiru alikiangalia kikombe chake.

"Alisema, kabla hamjaifuta, nipeni kwanza nisikie."

Blanketi lilizuia kelele zote za soko. Madam hakulia. Aliweka chai sakafuni, polepole, akikosa mahali pa kuiweka ingawa nafasi ilikuwepo. Akiru alisimama, akavuta maikrofoni iliyokuwa kwenye mguu wake wa chuma, akaishusha hadi usawa wa mtu aliyeketi.

"Sauti ya nyanya sina," alisema. "Yako bado ipo. Nataka kukurekodi. Unakubali?"

Nilimwona Madam akitazama maikrofoni, kisha blanketi la mlangoni, kisha waya zilizoingia kwenye mashine na kupotelea nyuma ya meza. Nilingoja aulize ni nani atakayesikiliza. Nilikuwa na hakika atauliza.

"Nakubali," alisema.

Akiru alivaa spika zake za masikioni, akainamia mashine, taa ndogo ikawaka. Alimpa ishara kwa kidole.

"Akiru," Madam alisema. "Nilibonyeza mimi. Sikukuuliza wewe, na sikumsikiliza nyanya yako." Sauti ilikuwa inatoka kwa shida, karibu pumzi tupu.

Akiru hakuinua uso. Alikuwa akitazama mstari wa taa za kijani zinazopima sauti, ambao haukuwa umesogea.

"Iko chini sana, Madam. Sogea karibu na maiki. Rudia."

Madam alivuta kiti mbele hadi midomo yake ikakaribia chuma, akarudia.